Kusoma umbo la kimeng'enya cha sumu ya buibui ukiwa Dar: anza na mayai

Nilipomwambia shangazi yangu wa Magomeni kwamba siku hizi nashughulika na buibui, alifurahi kwelikweli. "Hongera mwanangu, vitambaa Kariakoo vimejaa," akasema. Ikabidi nimweleze kuwa si buibui la kuvaa, ni mdudu wa miguu minane, tena si mdudu mwenyewe, ni protini moja tu iliyomo kwenye sumu yake, na shida yangu ni kujua imekaaje, atomi kwa atomi. Akanyamaza, kisha akauliza kama inalipa. Hilo nimemwachia mume wangu alijibu.

Mimi ni fundi wa maabara, hapa hapa jijini. Kila mwaka wanafunzi wawili watatu huja kuniuliza namna ya kuingia kwenye kazi hii ya fuwele na eksirei, yaani kuikuza protini iwe fuwele kisha kuipiga mionzi ili kusoma umbo lake, na wote huanza na swali moja: mashine ya mionzi tutaipata wapi? Hilo ni swali la mwisho. Mionzi ni dakika chache. Kazi kubwa ni miezi ya kabla yake na wiki za baada yake, na hiyo yote inafanyika Dar.

Kwanza ujue unatafuta nini

Buibui wanaozungumzwa ni wa jenasi ya Loxosceles. Ni wa kahawia, wana macho sita yaliyopangwa wawiliwawili wakati buibui wengi wana manane, na mgongoni wana alama inayofanana na fidla. Wanajulikana zaidi Amerika Kusini na Kaskazini, ingawa jamaa zao wapo Afrika pia. Akikuuma, ngozi ya mahali pale inaweza kufa na kuacha kidonda kikubwa. Anayefanya uharibifu huo ni kimeng'enya kiitwacho sfingomyelinesi D, ambacho wengine hukiita fosfolipesi D. Kinakata kichwa cha mafuta fulani yaliyo kwenye utando wa seli. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba baada ya kukata hubaki mnyororo wa kawaida wenye fosfeti. Mwaka 2013 ikaonyeshwa kuwa kinachobaki hujikunja na kufunga pete. Kwa hiyo vitabu vingi vya zamani vimekosea hapo, usivinukuu bila kuangalia.

Wafugaji wa mbuzi wanaujua ugonjwa wa majipu ya tezi shingoni. Bakteria anayeuleta, Corynebacterium pseudotuberculosis, naye ana kimeng'enya cha ukoo huohuo. Nalitaja hili kwa sababu mtu akikuuliza buibui wa Brazili anatuhusu nini, unalo jibu.

Sasa, usikamate buibui. Buibui mmoja hutoa sumu ya kupimwa kwa maikrogramu, na wewe utahitaji miligramu kadhaa za protini moja iliyo safi. Watu huagiza jeni ikiwa imeshatengenezwa, wakaitia ndani ya E. coli, bakteria wakawafanyia kazi.

Kabla ya hapo, fungua kompyuta. Hifadhi ya maumbo ya protini, Protein Data Bank, ilianza mwaka 1971 ikiwa na maumbo 7 tu, leo ni bure kwa mtu yeyote mwenye bando. Tafuta namba 1XX1. Hicho ndicho kimeng'enya cha Loxosceles laeta, umbo lililotolewa mwaka 2005 kwa ukali wa angstromu 1.75. Angstromu moja ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita, na atomi mbili za kaboni zilizoshikana ziko mbali kama 1.5 hivi, kwa hiyo ukali huo unatosha kuona mambo vizuri. Programu ya ChimeraX ni bure kwa wanafunzi na inafunguka hata kwenye kompyuta mpakato ya kawaida, mradi usifungue na vichupo ishirini vya intaneti.

Utaona pipa. Mbavu nane zimesimama kwa duara katikati, na nje zimezungukwa na minyororo iliyojisokota kama chemchemi. Chungulia ndani ya mdomo wa pipa: pana atomi moja ya magnesiamu, imeshikwa na asidi amino tatu, yaani glutameti ya 32, aspateti ya 34 na aspateti ya 91 (namba ni nafasi ya kila moja kwenye mnyororo wa protini). Jirani yake kuna histidini mbili, ya 12 na ya 47, ndizo zinazokata. Ziandike namba hizo tano kwenye karatasi, ubandike ukutani mbele ya meza yako. Tatu za kwanza nitazirudia mwishoni.

Mayai

Usiguse kimeng'enya cha buibui kabla hujaweza kukuza fuwele za laisozaimu ya yai. Nasema hivyo kwa uchungu wa mtu aliyejaribu kuruka hatua. Laisozaimu ina asidi amino 129, ni ngumu, haiharibiki ovyo, na mwaka 1965 ndiyo iliyokuwa kimeng'enya cha kwanza kuonekana umbo lake kwa eksirei. Tena iko kwenye yai la kuku, kiasi cha asilimia tatu na nusu ya protini ya ute mweupe.

Nunua mayai kumi na mawili kwa Mangi. Usitafute mapya sana. Yai likikaa, hewa ya kaboni dioksidi hutoka kupitia ganda na ute unazidi kuwa wa alikali, na hilo linatusaidia. Tenga ute mweupe. Viini mpelekee mtu anayepika keki, kwangu humalizwa na jirani. Koroga ute polepole bila kutoa povu, uchuje kwa kitambaa safi cha kuchujia tui. Kwa kila mililita 100 tia gramu 5 za chumvi. Kisha dondoshea sodiamu haidroksaidi kidogokidogo huku ukikoroga mpaka pH ifike karibu 9.5. Ukimwaga kwa pupa, ute utaganda pale inapodondokea na utakuwa umepika yai bila moto. Tia mbegu, yaani punje chache za laisozaimu ya dukani iliyosagwa, weka kwenye friji, koroga mara moja kwa siku. Siku chache baadaye utaona chini kuna kitu kinang'aa ukizungusha chupa kwenye mwanga, kama mchanga wa pwani wakati maji yanapokupwa. Hizo ni fuwele, ndogo na chafu, lakini ni zako.

Zioshe kwa maji ya chumvi yaleyale ya asilimia 5, ziyeyushe kwenye bafa (maji yanayoshikilia pH isiyumbe) ya sodiamu asetati yenye pH 4.6, zungusha kwenye sentrifyuji, tupa mashapo. Pima kwa mwanga wa nanomita 280: miligramu moja kwa mililita husoma kama 2.64, hivyo itabidi uchanganye na bafa mara nyingi kabla ya kupima. Lengo ni miligramu 50 kwa mililita.

Sasa matone. Chukua sahani yenye visima 24. Pakaza mafuta ya mgando kwenye ukingo wa kila kisima. Yale ya kawaida ya kujipaka yanafaa, ila yasiwe na manukato. Ndani ya kisima mimina maikrolita 500 za bafa ileile yenye chumvi, ukianza na asilimia 4 kisima cha kwanza na kupanda taratibu mpaka 10. Juu ya kioo kidogo cha kufunikia weka maikrolita 2 za protini na 2 za maji ya kisima, geuza kioo tone lining'inie, kandamiza kwenye mafuta. Ukigeuza kwa woga tone litatambaa, kwa hiyo geuza kwa mkupuo mmoja kama unavyogeuza chapati.

Ukitaka kuelewa kinachotokea mle ndani, nenda Kunduchi kwenye mashamba ya chumvi. Maji ya bahari yanafungiwa, jua linayanyonya taratibu, mpaka yanashiba na chumvi inajitenga. Kwenye kisima chetu jua halipo: tone lina chumvi nusu ya ile ya chini, kwa hiyo maji yanahama kwa mvuke kutoka kwenye tone kwenda chini, na protini inabanwa polepole. Ikibanwa haraka inatoka kama uji. Ikibanwa kwa utulivu inajipanga.

Joto

Hapa ndipo Dar inapokuonea. Laisozaimu huyeyuka zaidi kadiri joto linavyopanda. Machi moja nilikuwa na sahani nzuri kuliko zote nilizowahi kupata, fuwele za kona safi, nusu milimita. Ijumaa jioni umeme ukakatika, ukarudi Jumapili. Chumba kikawa nyuzi 33. Jumatatu nikaweka sahani chini ya hadubini, matone yote meupe, maangavu, hayana kitu ndani. Nilikaa nikatazama kisima kimoja kimoja mpaka cha ishirini na nne kana kwamba kimojawapo kingenionea huruma.

Tangu siku hiyo siweki matumaini kwenye kiyoyozi. Natumia boksi la povu, lile la wauza samaki wa Feri (jipya, jamani, si lililokwishabeba vibua), na ndani yake chupa sita za maji za lita moja na nusu. Sahani inakaa katikati ndani ya kopo la biskuti. Chupa hazina barafu. Nazijaza maji ya chumba kile wakati kiyoyozi kinafanya kazi, na kazi yao ni kuwa nzito: maji mengi hayapati joto haraka, wala hayapoi haraka. Mtungi wa maji wa bibi yangu ulikuwa na kazi nyingine, ule hupoza kwa maji yanayokauka juu yake, na kwa unyevu wa hapa pwani haupozi sana kama unavyopoza Dodoma. Boksi likae sakafuni penye saruji, mbali na dirisha na mbali na mgongo wa friji. Weka kipimajoto ndani na uandike asubuhi na jioni. Umeme ukikatika siku nzima, joto la ndani linapanda nyuzi mbili tu, wakati chumba kimepanda saba.

Usifungue kila saa. Tazama siku ya kwanza, ya tatu, ya saba. Mwanafunzi mmoja alikuwa akifungua boksi kila baada ya chai, na fuwele zake zilikuwa na tabaka kama kitunguu.

Kimeng'enya chenyewe

Nitapita haraka, kwa sababu hapa utahitaji msimamizi pembeni, si maandishi yangu. Kimeng'enya hiki kikitengenezwa na bakteria kinabaki na makali yake. Kwa mazoezi omba kile kilichobadilishwa histidini ya 12 kuwa alanini, ambacho hakikati; hata umbo lake limo kwenye hifadhi, namba 3RLG, la Loxosceles intermedia. Vaa glavu hata hivyo. Ongea na kamati ya usalama wa kibaiolojia ya taasisi yako kabla hujaagiza jeni, usisubiri kifurushi kikwame uwanja wa ndege ndipo uanze kutafuta saini.

Protini hii ina kifungo cha salfa kati ya sisteini ya 51 na ya 57, na ndani ya E. coli wa kawaida vifungo hivyo havijifungi vizuri. Tumia aina ya bakteria iliyotengenezwa kwa ajili hiyo, uwalaze usiku kucha kwenye nyuzi 18. Safisha kwa kolamu ya nikeli, kisha kolamu ya kuchuja kwa ukubwa. Anza matone na miligramu 10 kwa mililita, ukijaribu ammoniamu salfeti na polyethilini glaikoli za ukubwa mbalimbali. Sasa huna kanuni moja kama ya yai. Utajaribu hali 96, kisha 96 nyingine.

Utaona vitu vinavyong'aa, na vingi vitakudanganya. Uzi wa kitambaa hung'aa. Fuwele ya chumvi hung'aa kuliko zote. Chukua sindano nyembamba uiguse: ya chumvi inakatika kwa mlio unaousikia vidoleni, ya protini inamomonyoka kama jibini, kwa kuwa karibu nusu yake ni maji. Au dondoshea rangi ya methilini bluu kidogo: ya protini inakunywa rangi kwa sababu ina mianya, ya chumvi inabaki nyeupe. Ndiyo, unapoteza fuwele moja. Afadhali moja hapa kuliko kumi na sita zitakazopanda ndege bure.

Kugandisha na kusafirisha

Fuwele huchotwa kwa kitanzi kidogo cha nailoni, inapitishwa kwenye maji yaleyale yaliyoongezwa gliseroli ya asilimia 20 hadi 30, kisha inatumbukizwa kwenye naitrojeni ya majimaji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Gliseroli inazuia maji yasigeuke barafu. Naitrojeni yetu tuliipata kwa watu wa uhimilishaji wa ng'ombe, wanaohifadhia mbegu za madume. Beba chombo chao halali, si chupa ya chai, na kamwe usikifunge kifuniko kikabana. Naitrojeni inayochemka ikikosa njia inalipua. Wala usiipande nayo daladala. Hata ukiwa na gari, madirisha yawe wazi.

Unyevu wa Dar unaganda juu ya kitanzi kabla hujamaliza kusema bismillahi. Fanya asubuhi, ndani ya chumba chenye kiyoyozi kilichokwisha kukausha hewa saa nzima, na usipumue juu ya chombo. Kati ya vitanzi kumi na viwili vya kwanza tulivyotuma, vitano vilikuwa na barafu. Barafu unaijua kwenye picha ya eksirei: duara nene karibu na angstromu 3.9 na 3.67, zimekaa kama pete juu ya nukta zilizotolewa na fuwele yako.

Mashine ya mionzi tunayoihitaji ni sinkrotroni, na Afrika haina hata moja. Iliyo karibu nasi kwa ramani ni SESAME ya Jordan, iliyoanza kazi mwaka 2017. Nyingine ni ESRF ya Grenoble, Ufaransa, na Diamond iliyoko Oxfordshire, Uingereza. Muda wa mionzi kwa utafiti utakaochapishwa huombwa kwa maandishi na hushindaniwa. Tafuta mshirika aliye tayari na zamu, uombe nafasi ya sampuli chache. Fuwele husafiri ndani ya chombo kikavu ambacho naitrojeni yake imenywewa na kuta, hakimwagiki. Kijaze, kipime kwa mizani siku tatu mfululizo kabla ya kukipeleka. Kikipungua uzito haraka, kimechoka, kirudishe.

Wewe huendi popote. Roboti ndiyo inayoshika vitanzi, na wewe unaendesha kwa intaneti. Zamu yetu ilianza saa sita mchana kwetu. Fuwele inazungushwa taratibu mbele ya mwale wenye urefu wa wimbi wa angstromu moja hivi, maelfu ya picha yanapigwa kwa dakika chache, basi. Kuwa na njia mbili za intaneti. Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika, aliyekuwa na njia moja alikaa akitazama kioo cheupe.

Baada ya mionzi

Kila nukta kwenye picha inakupa nguvu ya wimbi. Haikupi wimbi lilianza lini. Ni kama umeambiwa kwenye ngoma ile kila mpigaji alipiga kwa nguvu kiasi gani, lakini hukuambiwa nani alitangulia nani akafuata. Huwezi kuimba wimbo huo. Kwa bahati, ndugu wa kimeng'enya chako wameshaonekana. Unachukua 1XX1, programu ya Phaser inaigeuzageuza ndani ya fuwele yako mpaka inakaa, na unaazima mpangilio wake kwa kuanzia. Hatari yake ni kwamba ramani ya elektroni unayoipata itakuonyesha ulichokiazima hata kama kwako hakipo. Ndiyo sababu asilimia 5 hivi ya nukta hufichwa tangu mwanzo na hazitumiki kunyoosha umbo. Zikiguswa hata mara moja, mtihani umevuja, na namba ya R huru, inayopima umbo lako linapishana kiasi gani na nukta hizo zilizofichwa, haina maana tena. Kwa ukali wa angstromu 2, mimi hutarajia namba hiyo iwe kati ya 0.20 na 0.25. Ikiwa 0.35, usipake rangi picha, rudi nyuma.

Mahali nilipotumia wiki mbili ni pale kwenye mdomo wa pipa. Magnesiamu iliyopoteza elektroni zake mbili imebaki na 10. Molekuli ya maji ina 10. Sodiamu iliyopoteza moja ina 10 pia. Eksirei inahesabu elektroni, kwa hiyo kwenye ramani vyote vitatu ni doa lilelile. Programu iliniwekea maji, nami nikayakubali, na kimeng'enya kikawa hakina metali yake.

Fanya zoezi hili hata kabla ya mayai, maana halihitaji kitu zaidi ya kompyuta. Pakua 1XX1 pamoja na data zake za nukta. Fungua kwa programu ya Coot, futa magnesiamu, nyoosha umbo upya kwa programu ya Refmac. Ramani ya tofauti itatoa uvimbe wa kijani pale ulipofuta. Sasa pima umbali kutoka katikati ya uvimbe hadi oksijeni za 32, 34 na 91. Ukisoma kama 2.1 na oksijeni zimeuzunguka kwa pande sita, ni magnesiamu. Fanya vivyo hivyo kwenye ramani yako. Huko ukisoma karibu 2.4, nenda kaangalie bafa ulitia sodiamu kiasi gani. Ukisoma 2.8, hayo ni maji, yaache yalivyo.